Mwanangu ni Mlatino au ni Mweusi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Lawrence, Massachusetts. Mume wangu ametoka Jamhuri ya Dominika. Tunamwandikisha mtoto wetu wa kwanza shule, na fomu imeuliza kwanza kama mtoto ni "Hispaniki au Latino", ndiyo au hapana. Halafu ikauliza rangi yake. Mtoto ni mweusi kama mimi. Baba yake naye, ukimsimamisha kwetu Barabara ya Kumi na Mbili, hakuna atakayemuuliza katoka wapi mpaka afungue mdomo. Lakini mwenyewe anasema: "Mimi si mweusi, mimi ni Mdominika." Sasa hiyo Hispaniki ni rangi, ni kabila, au ni neno la serikali tu? Na alama niweke wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. La fomu nakujibu kwanza usije ukachelewa kuirudisha: swali la kwanza jibu ndiyo, la pili weka alama kwenye Mweusi. Yote mawili ni ya mtoto wako. Swali lako lile jingine, kwamba hiki kitu ni nini hasa, ndilo lililonikalisha chini, maana nimefundisha masuala ya sensa na idadi ya watu kwa miaka mingi na bado sijakutana na mtu aliyeliuliza vizuri kama ulivyoliuliza wewe kwa kumtazama tu mumeo.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuwekea mtego hapa. Tukisema Mhispania, tunamaanisha mtu wa Uhispania, wa Madrid au Sevilla. Mumeo si Mhispania hata kidogo. Ndiyo maana nitaandika Hispaniki ninapozungumzia kile kisanduku cha fomu, na Walatino ninapozungumzia watu. Mtego wa pili ni kwamba neno ambalo Wamarekani wanalitumia kwa mbari za binadamu, sisi huwa tunalitafsiri kwa "rangi", na ukishasema rangi akili inakwenda kwenye ngozi. Neno letu la kabila nalo linakuja na mizigo yake: lugha ya nyumbani, ukoo, mila za ndoa na mazishi, ardhi walipozikwa mababu. Hispaniki haienei katika rangi wala haienei katika kabila.

Tazama maelezo ya serikali yenyewe. Mwaka 1977 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya Rais wa Marekani, ilitoa Agizo Namba 15 lililosema Hispaniki ni mtu mwenye utamaduni au asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati au Kusini, au utamaduni mwingine wa Kihispania, "bila kujali rangi". Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo ufunguo. Celia Cruz, mwimbaji mweusi wa Havana, anaingia. Shakira, ambaye ukoo wa baba yake unatoka Lebanoni, anaingia. Mtu wa Peru ambaye wazee wake walitoka Japani, kama alivyokuwa Rais Alberto Fujimori, anaingia. Nayib Bukele wa El Salvador, mwenye asili ya Palestina, anaingia. Anaingia pia mkulima wa nyanda za juu za Guatemala ambaye lugha ya mama yake ni Kimam, moja ya lugha za Wamaya, na ambaye Kihispania alijifunza ukubwani au hajakijua bado. Ukimuuliza mtu wa Malabo, Guinea ya Ikweta, Mwafrika ambaye Kihispania ni lugha rasmi ya nchi yake, fomu inababaika: "utamaduni mwingine wa Kihispania" ni upi hasa? Na Mbrazili, jirani wa hao wote, hawekwi humo kwa sababu anazungumza Kireno.

Hilo la Wabrazili lilijidhihirisha kwa ajali. Kwa kawaida mtu akijitaja Hispaniki huku akiandika kwamba ni Mbrazili, Ofisi ya Sensa humtoa kwenye kundi hilo wakati wa kuchambua majibu. Katika utafiti wao wa mwaka 2020 hatua hiyo ilirukwa kwa makosa, na ghafla wakaonekana Wabrazili zaidi ya 400,000 wanaojiita Hispaniki au Latino, wakati mwaka uliotangulia walikuwa kama 14,000 tu. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni kanuni ya kompyuta.

Basi ni kitu cha kubuni? Ndiyo, kimebuniwa. Lakini usiishie hapo, maana wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Kwa nini kilibuniwa, na na nani?

Marekani ilipoichukua nusu ya kaskazini ya Meksiko kwa vita na mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848, iliwarithi watu waliokuwa wakiishi huko na kuwaahidi uraia. Sheria ya 1790 lakini ilikuwa inawaruhusu wageni "weupe" tu kuomba uraia. Kwa hiyo Wameksiko, ambao wengi wao ni mchanganyiko wa wenyeji asilia, Wahispania na Waafrika, ikabidi kisheria wahesabiwe weupe. Mitaani hakuna aliyewatendea hivyo. Mwaka 1930 sensa ikafungua kisanduku kipya cha rangi: "Mmeksiko". Ilikuwa miaka ya dhiki ya uchumi, na mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Meksiko, wakiwamo raia waliozaliwa Marekani, walisukumwa nje ya nchi. Serikali ya Meksiko ikalalamika, na vyama vya Wamarekani wenye asili ya Meksiko vikalalamika, kwa kuwa walielewa vizuri kwamba katika Texas ya wakati ule kutokuwa mweupe kulikuwa na bei yake. Sensa ya 1940 ikakiondoa kisanduku. Wakarudi kuwa weupe, kwenye karatasi.

Weupe huo wa karatasi uliwaumiza kwa namna ambayo hawakuitegemea, na kesi ninayopenda kuisimulia ni ya mji mdogo wa Edna, kaunti ya Jackson, Texas. Mwaka 1951 kibarua mmoja aitwaye Pete Hernandez alishtakiwa kwa kuua. Mawakili wake, wakiongozwa na Gus Garcia na Carlos Cadena, waligundua kwamba katika kaunti ile kwa miaka 25 hakuna hata mtu mmoja mwenye jina la Kihispania aliyewahi kukaa kwenye juri, yaani lile jopo la raia linaloamua kama mshtakiwa ana hatia. Jimbo la Texas likajibu kwa utulivu: hakuna ubaguzi hapa, Wameksiko ni weupe, na juri ilikuwa ya watu weupe. Ungesema nini hapo? Sheria ilijua weupe na weusi tu.

Katika ushahidi uliofika Mahakama ya Juu mjini Washington kulikuwa na habari ya vyoo vya mahakama ileile ya Jackson. Vyoo vya wanaume vilikuwa viwili. Kimoja hakikuandikwa kitu. Cha pili kilikuwa na maandishi mawili, "Wanaume wa Rangi" kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kihispania, "Hombres Aquí", wanaume hapa. Ndani ya ukumbi mawakili wa jimbo wanaapa kwamba hawa ni weupe, na hatua chache kutoka hapo mlango wa choo unasema vingine. Tarehe 3 Mei 1954, wiki mbili kabla ya hukumu maarufu iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi mashuleni, majaji wote waliamua kwamba Katiba hailindi weupe na weusi peke yao. Likithibitika kundi lolote linatengwa mahali fulani, kundi hilo lina haki ya kulindwa.

Nakuomba ushike hilo, binti yangu, kwa sababu ndipo maana ya Hispaniki ilipo. Kundi lilionekana kwa sababu lilibaguliwa, na bila jina mahakama haikuweza kuuona ubaguzi huo. Hata baada ya hukumu hiyo, baadhi ya wilaya za elimu Texas zilichanganya watoto weusi na watoto wa Kimeksiko katika shule moja duni, zikaiambia mahakama kwamba zimechanganya weusi na weupe. Wazazi wa Houston mwaka 1970 waligoma kuwapeleka watoto wao shule kwa sababu ya mchezo huo, na mwaka huohuo jaji huko Corpus Christi akatamka kwamba Wamarekani wenye asili ya Meksiko ni kundi la wachache linalotambulika na hawawezi kutumiwa kama weupe wa kujazia.

Sasa unaelewa kwa nini katika miaka hiyo wanaharakati wa jamii iliyoudai weupe miaka ya 1930 walidai kuhesabiwa peke yao. Bila takwimu huwezi kuthibitisha kwamba watoto wako wanaacha shule kuliko wengine, au kwamba halmashauri inawanyima kazi watu wako. Mbunge Edward Roybal wa California alipigania sheria iliyopitishwa mwaka 1976, ikaamuru serikali ikusanye takwimu za Wamarekani wa asili ya Kihispania. Agizo la 1977 likafuata, na sensa ya 1980 ikaliuliza swali hilo kila kaya. Jina lenyewe lilikuwa la mapatano. Wameksiko wa kusini-magharibi, Wapuerto Riko wa New York na Wakuba wa Miami walikuwa hawajuani wala hawapendani sana, na kila kundi lilitaka kutajwa kwa jina lake. Televisheni ya Kihispania, ambayo leo ni Univision, nayo ilihitaji kuwaonyesha watangazaji wa biashara kwamba ina soko moja kubwa la nchi nzima. Serikali, wanaharakati na wafanyabiashara, kila mmoja kwa haja yake, wakauvuta mwavuli uleule.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Kabla ya miaka ya 1940 hakukuwa na mtu aliyejiita Mkalenjin. Kulikuwa na Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na wengineo, wenye lugha za jamaa moja na wenye ugomvi wao wa mifugo. Neno "kalenjin", maana yake "nakwambia", lilisikika kwenye matangazo ya redio na midomoni mwa vijana wasomi, likashika, na kizazi kimoja baadaye likawa jina ambalo mtu hulipigia kura na kulililia. Wamijikenda vilevile: Wagiriama, Wadigo, Waduruma na ndugu zao sita walikuwapo zamani, ila jina la kuwakusanya chini ya miji tisa ni la karne iliyopita. Ukimwambia leo Mkalenjin kwamba kabila lake ni la redio, utakuwa umesema kweli upande mmoja na umemkosea adabu upande wa pili. Jina likishabeba maisha ya watu, limeshakuwa na uzito. Mashaka yangu kuhusu Hispaniki hayako kwenye umri wake, basi. Yako kwenye kazi inayopewa.

Kuna kazi ambazo jina hili linaziweza. Kuonyesha nani anakamatwa zaidi barabarani, nani amebaki bila bima ya afya, ni shule zipi zinahitaji walimu wa lugha mbili: hapo linafaa sana. Hata katika afya kuna jambo la ajabu lisingejulikana bila kisanduku hiki. Tangu mwaka 1986 watafiti wamekuwa wakiandika kwamba Walatino wa Marekani, pamoja na umaskini wao, kwa wastani huishi muda mrefu kuliko weupe wasio Walatino. Mwaka 2019 wastani ulikuwa karibu miaka 82 kwa Walatino na karibu 79 kwa hao weupe. Uvutaji sigara mdogo ni sehemu ya sababu, na kwamba wahamiaji mara nyingi huwa ni wale wenye siha ni sehemu nyingine.

Lakini mpe daktari neno hilo kama kipimo cha damu, litampotosha. Pumu ni mfano mzuri: Wapuerto Riko wana kiwango cha juu kabisa cha pumu katika Marekani yote, na Wameksiko ni miongoni mwa wenye kiwango cha chini kabisa. Ukiwachanganya chini ya jina moja unapata namba ya katikati isiyomhusu yeyote, na mtoto wa Kipuerto Riko anayekosa pumzi hauonekani uzito wa tatizo lake. Uchunguzi mmoja mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba Walatino waliopimwa Marekani walikuwa kwa wastani na asilimia 65 za asili ya Ulaya, 18 za wenyeji wa Amerika na 6 za Afrika. Mumeo na huyo mkulima wa Guatemala hawafanani na wastani huo, wala hawafanani wao kwa wao. Siasa nayo ni hivyohivyo. Mpuerto Riko ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa tangu sheria ya 1917, Mkuba alifunguliwa mlango wake maalumu kwa sheria ya 1966, na Mhondurasi aliyevuka mto bila karatasi hana chochote kati ya hivyo. Anayetabiri kura "ya Walatino" kama kwamba ni kitu kimoja hushangaa kila uchaguzi, na anastahili kushangaa.

Wenye jina wenyewe wanasemaje? Kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza mwaka 2012: nusu walisema hupendelea kujitaja kwa nchi ya asili, Mmeksiko, Mkuba, Mdominika, na robo tu walisema Hispaniki au Latino. Mumeo yuko na walio wengi. Kuhusu rangi, tazama kilichotokea sensa ya 2020. Walatino walikuwa milioni 62.1. Mwaka 2010 zaidi ya nusu yao walijaza kwamba ni weupe. Mwaka 2020 ni mmoja kati ya watano tu. Waliochagua "rangi nyingine" walikuwa asilimia 42, na waliohesabiwa rangi zaidi ya moja theluthi moja. Sehemu kubwa ya mgeuko huo ilitokana na fomu kuongeza nafasi ya kuandika asili na jinsi majibu yalivyopangwa. Lakini ile asilimia 42 inasema jambo lililo wazi: mamilioni ya watu wanapoulizwa rangi yao katika nchi hii hawaoni jibu lao kwenye orodha.

Na hapa namrudia mumeo, nikikuomba umvumilie anaposema yeye si mweusi. Sidhani kama anamkana mtoto wake au kukukana wewe. Anasema kwa maana aliyoikuta kwao. Kisiwa cha Hispaniola, ambacho Dominika inagawana na Haiti, ndiko watumwa wa Kiafrika walikoletwa mwanzo kabisa katika Amerika, na huko mwaka 1521 waliasi kwenye shamba la miwa la Diego Colón, mtoto wa Columbus. Lakini taifa la Dominika lilizaliwa tarehe 27 Februari 1844 kwa kujitenga na Haiti, na viongozi waliofuata wakafundisha kwamba mweusi ni Mhaiti, na Mdominika ni kitu kingine. Dikteta Rafael Trujillo alilifikisha fundisho hilo kwenye mauaji: mwaka 1937 maelfu ya Wahaiti na watoto wao waliozaliwa upande wa Dominika waliuawa kwa mapanga kwa amri yake. Kwenye vitambulisho vya Wadominika, kwa miaka mingi, mtu wa ngozi kama ya mumeo aliandikwa "indio", Mhindi Mwekundu, ingawa wenyeji wa kisiwa, Wataino, walikwisha kuangamizwa kama jamii karne nyingi nyuma. Mtu aliyelelewa ndani ya maneno hayo, ukimuuliza kama ni mweusi, anasikia unamuuliza kama ni Mhaiti. Ni jeraha la zamani. Halitapona kwa kumshinda katika mabishano mezani, ila mkizungumza kwa subira nadhani atakusimulia mambo ya bibi yake ambayo hajawahi kumsimulia mtu.

Sasa jambo la fomu ya shule ambalo watu wengi hawaambiwi. Kwa mwongozo wa Wizara ya Elimu ya serikali kuu uliotolewa mwaka 2007, mtoto akijibiwa "ndiyo" kwenye Hispaniki, katika ripoti ya jumla huhesabiwa Hispaniki peke yake, hata kama mzazi ameweka alama kwenye Mweusi. Alama yako ya pili inabaki kwenye kumbukumbu, lakini kwenye jedwali lile linalosomwa na wakubwa mtoto wako hayumo katika hesabu ya weusi. Kwa mji kama Lawrence, ambako Walatino ni zaidi ya robo tatu ya wakazi na wengi wao ni Wadominika, hao ni watoto wengi weusi wasioonekana kuwa weusi. Hilo linanisikitisha kweli. Kile kisanduku kilichotafutwa ili waliofichwa ndani ya weupe waonekane, sasa kinawaficha wengine.

Mwezi Machi 2024 serikali ilibadili kanuni: maswali mawili yanaunganishwa kuwa moja, Hispaniki au Latino inakaa kwenye orodha pamoja na Mweusi, Mweupe, Mwasia na wengineo, na kundi jipya la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini limeongezwa. Mtu anaruhusiwa kuweka alama zaidi ya moja. Watetezi wa Walatino weusi walipinga wakihofia kwamba wengi wataweka alama moja tu kwenye Latino na kuondoka zao. Hofu hiyo naiona ya haki. Ofisi na shule zimepewa miaka kadhaa kubadili, hivyo utakutana na fomu za zamani na mpya kwa pamoja.

Ukikuta ya zamani, jaza kama nilivyokuambia mwanzo. Ukikuta mpya, weka alama mbili, Hispaniki na Mweusi, usiache mtu wa dawatini akakuchagulia moja kwa kuutazama uso wa mtoto. Na palipo na mstari wa kuandika, kama ule wa sensa ya 2020 chini ya Mweusi, andika Tanzania kwa herufi kubwa zinazosomeka, kisha umpe baba yake kalamu aandike Dominika kwa mkono wake.